Pumzi ya Mpiga Besi

Nyumbani kwa Madimetja Rapetsoa, kule Atteridgeville, mtu hapiti mbele ya spika muziki ukiwa unalia. Kila aliyewahi kukaa kwenye makochi yale aliijua sheria hiyo. Mgeni akibanwa na haja katikati ya wimbo, alijikaza mpaka uishe. Mkewe, Mokgaetji, hakuweza kusubiri kwa sababu alikuwa na sufuria motoni. Yeye alitoka kwa mlango wa mbele, akaizunguka nyumba kwa nje, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Alizunguka hivyo miaka thelathini na mmoja. Nyasi zilikata tamaa pale ukutani, ikabaki njia nyembamba ya udongo mwekundu, ya kumtosha mtu mmoja aliyebeba sinia.

Madimetja alikuwa fundi wa simu, enzi zile za nyaya na nguzo. Kazi yake ilikuwa kuwinda kelele. Alipanda nguzo, akabana vishikio vya chombo chake kwenye waya, akafumba macho na kusikiliza. Mvumo wa namna hii, maji yameingia kwenye kebo. Mkwaruzo wa namna ile, kiungo kimelegea. Alistaafu akiwa na magoti mabovu na masikio yasiyovumilia uchafu hata kidogo.

Masikio hayo aliyapeleka kwenye jazi. Alipenda albamu za zamani za Marekani, zilizorekodiwa yeye akiwa bado anachunga mbuzi kwa babu yake. Wajapani walikuwa wakizitoa upya kwenye CD. Walirudi kwenye kanda mama, ile ya kwanza iliyorekodiwa studioni, wakaisafisha sauti, kisha wakaiweka kila CD ndani ya jalada dogo la karatasi ngumu, mfano halisi wa jalada la santuri ya zamani, na utepe wa karatasi wenye maandishi ya kwao ukiwa umelizunguka kiunoni. Madimetja hakuwahi kupoteza utepe hata mmoja. Kulikuwa na albamu moja ya watu watano ambayo alikuwa nayo mara tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida, ya siku zile CD zilipoingia nchini, yenye kasha la plastiki. Ya pili ilikuwa ya dhahabu, toleo lililosafishwa sauti na kupakwa dhahabu. Ya tatu ilikuwa ya Kijapani.

"Huyu mzee ana wake watatu, wote mapacha," alisema Bra Finish, mwenzake katika chama cha wasikilizaji, "na bado anatuita Jumapili tumwambie nani mrembo!"

Chama chao kilikutana Jumapili ya mwisho wa mwezi. Walikuja na kofia na viatu vya rangi mbili, kila mmoja na sanduku lake la CD, na kila mmoja akiweka wimbo alificha jalada ili wenzake wakune vichwa. Walikuwa na desturi yao waliyoiita kushusha. Ukipata toleo bora zaidi la albamu, lile la zamani hulishusha kwa mwenzako, naye akipata bora hulishusha kwa mwingine. Ndani ya jalada kila mwenye nalo huandika jina lake, akikata la aliyemtangulia. Kulirudia toleo ulilokwisha kulishusha ilikuwa aibu.

Siku ile ya Kijapani ilipofika kwa posta, Madimetja alimwita mkewe kutoka jikoni. Alikuwa na furaha, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumwonyesha.

"Kaa hapo katikati, Mma. Sikiliza hii ya zamani. Haya. Sasa sikiliza hii."

Mokgaetji alikaa, mikono yenye unga juu ya aproni. Ulikuwa wimbo unaoanza kwa besi peke yake, polepole, kabla wengine hawajaingia. Yeye aliuita wimbo wa yule mtu anayetembea.

"Umesikia tofauti?"

"Nimesikia. Huku kwa pili hapumui."

"Nani hapumui?"

"Huyo wa besi. Kule kwa kwanza, kabla hajaanza, anavuta pumzi. Kama mtu aliyesimama kuomba mbele ya kanisa na hajui aanzie wapi. Huku wamemnyima."

Madimetja alicheka mpaka akavua miwani. "Mke wangu, hizo ni kelele! Ule ni upepo wa kanda. Watu wazima wamekaa Tokyo mwezi mzima kuuondoa, wewe unauulizia?"

"Basi mimi nimeupenda upepo."

"Wewe huna masikio."

Angeliachia hapo, lisingekuwa neno kubwa. Watu waliooana huambiana zaidi ya hayo kabla ya chai ya asubuhi. Lakini Jumapili ya chama iliyofuata alilirudia mbele ya wenzake, na la upepo, na la pumzi. Wanaume walicheka mpaka wakapigapiga magoti. Mokgaetji alikuwa ameshika bakuli la matumbo. Alicheka nao, akaweka bakuli mezani, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka. Jioni hiyo hiyo Madimetja alimshushia Bra Finish ile CD ya zamani.

Miaka sita baadaye, mwezi wa Novemba, presha ilimwangusha Mokgaetji akiwa anaanika nguo. Hakuamka. Kina mama wa kanisa walimwimbia usiku kucha na wakamzika na sare yake, blauzi nyekundu na kofia nyeupe. Mungu alimpokea, hilo hakuna aliyelitilia shaka. Shaka ilikuwa juu ya mzee aliyebaki na spika zake. Alikaa katikati ya makochi pale pale alipomkalisha mkewe, akaweka albamu moja baada ya nyingine. Hakuna aliyepita mbele yake, na hakuna aliyezunguka.

Mwaka wa msiba ulipokaribia kwisha, binti yao Raesibe alipiga simu kutoka Polokwane. Jiwe la kaburi lilikuwa tayari.

"Baba, nyimbo za makaburini kanisa linazijua. Lakini tukirudi nyumbani chama chako wataweka wimbo mmoja wa mama. Ni upi?"

"Upo."

"Upi, baba?"

"Nimesema upo."

Katika miaka yote, Mokgaetji aliwahi kuupa jina wimbo mmoja tu, ule wa mtu anayetembea. Madimetja aliiweka ile ya Kijapani akasubiri. Besi ilianza kutoka kwenye ukimya mtupu, ukimya wa simu iliyokatwa. Akaweka ya dhahabu. Hata humo hamkuwa na pumzi. Akarudia, akasogeza kiti, akaongeza sauti. Alijua angeweza kuliweka toleo lolote na hakuna mgeni ambaye angejua. Yeye angejua, naye Mokgaetji, alivyoamini, angejua pia. Zilibaki wiki tatu kabla ya siku ya kufunua jiwe. Alichukua kofia yake.

Bra Finish alikuwa kibarazani akipaka rangi viatu.

"Ile? Nilimshushia Kwape zamani. Unaitakia nini CD yenye mafua?"

"Naihitaji."

"Kumbe umeshuka cheo! Ngoja niwaite wanachama tukuvue kofia." Kisha akamtazama vizuri mwenzake, akaona kitambaa cheusi cha msiba begani, akaacha kucheka. "Nenda kwa Kwape, Bra Madi. Mwambie nimekutuma mimi."

Kwape alikuwa fundi cherehani kule Saulsville. Alisikiliza swali akiwa na pini mdomoni, akazitema moja moja kwenye kiganja.

"Lakini ile si iko kwako? Aliichukua Mma Raesibe."

"Mke wangu?"

"Mwenyewe. Alikuja na sare yake ya kanisa, siku ya mvua. Nikadhani umemtuma. Nikamtania, nikamwambia, 'Bra Madi amechoshwa na Wajapani?' Akacheka. Akaomba mfuko ili isilowe."

"Lini hiyo?"

"Miaka mitano sasa. Hakukwambia?"

Madimetja alisema alikuwa amesahau. Huo ulikuwa uongo, na alijua kuwa Kwape ameuona.

Alipofika nyumbani alifungua kabati la mkewe kwa mara ya kwanza tangu msiba. Alipekua chini ya mashuka, ndani ya mikoba, katika sanduku la picha. Alikuta Biblia, kitabu cha nyimbo, kadi za matanga ya watu waliokufa zamani. CD haikuwamo. Aliketi kitandani akajiuliza jambo dogo ambalo fundi yeyote wa laini angeanza nalo. Mashine ya kupigia ilikuwa moja tu nyumba nzima, na yeye ndiye aliyeikalia. Mokgaetji aliipigia wapi?

Ndipo akakumbuka Alhamisi. Kila Alhamisi baada ya maombi ya kina mama chakula cha jioni kilichelewa kidogo, na kila Alhamisi Mokgaetji alisema, "Nilipitia kwa Mosibudi." Hakuwahi kumuuliza zaidi.

Mosibudi, mdogo wake Mokgaetji, aliishi mitaa miwili kutoka kanisani. Juu ya friji yake palikuwa na redio ya CD yenye spika mbili, moja ikiwa imekufa.

"Kaa, shemeji," alisema. "Nimekusubiri tangu mazishi."

"Unajua nilichokuja kutafuta?"

"Kwani hujakitafuta kwingine kote? Mji mzima unakiongea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza. Na yeye aliniomba ninyamaze. Hakutaka uone kama anashindana na wewe." Mosibudi aliweka kikombe mbele yake. "Alikuja kila Alhamisi. Anavua kofia, anaiweka hapo ulipoweka mkono. Tunakunywa chai. Kisha anasema, 'Haya mdogo wangu, niwekee mtu wangu.' Wimbo mmoja tu. Ukiisha anavaa kofia, anakwenda kukupikia."

Madimetja aliuondoa mkono wake pale mezani.

"Alikipendea nini hasa kile kitu?"

"Alisema jikoni kwenu hufika besi tu. Tarumbeta na piano ukuta unawabakizia wanaume. Ndiyo maana akamzoea huyo wa besi, maana ni yeye peke yake aliyemfuata hadi kwenye sufuria." Alikoroga chai yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Na alisema hapa kwangu hakuna wa kumwambia hana masikio."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayerudisha chombo alichoazimwa, kisha akainuka, akaitoa CD nyuma ya redio.

"Ichukue. Lakini irudi."

Barabarani Madimetja alifungua kasha. Ndani ya jalada kulikuwa na jina lake, limekatwa. La Finish, limekatwa. La Kwape, limekatwa. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa mviringo wa mtu anayeandika kumbukumbu za mikutano ya kina mama, paliandikwa: Mokgaetji. Mstari wa kulikata haukuwapo. Alisimama na kasha mkononi mpaka mtu mmoja akampigia honi.

Hakuijaribu. Aliiweka juu ya kabati, na kwa siku zilizobaki hakugusa spika. Kila usiku alipiga magoti, jambo ambalo kwa magoti yale halikuwa dogo, akaomba neno moja la kumwambia Mokgaetji. Hakupata.

Siku ya jiwe mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na udongo wa makaburini ulinata. Kina mama waliimba, mchungaji akaomba, Raesibe akavuta kitambaa, jina likaonekana. Madimetja alivuliwa kitambaa cha begani. Wakarudi nyumbani wakanawa mikono getini. Kina mama walikwenda nyuma kupakua, na chama kikajaa sebuleni na viatu vyao vya rangi mbili.

Madimetja alitoa lile kasha la plastiki mfukoni. Hakulificha kama desturi ilivyotaka.

"Jamani, mafua yamerudi!" alisema Bra Finish, na wengine wakacheka, kwa upole, kama watu wanavyocheka msibani wakitafuta pa kupumulia.

Aliiweka, akakaa katikati. Kwanza ulikuja upepo wa kanda, mwembamba, ule aliouwinda maisha yake yote. Kisha mtu akavuta pumzi. Kwenye redio ya Mosibudi labda ilikuwa ndogo. Kwenye spika zile ilikuwa pumzi ya mtu aliyeketi kwenye kochi lile lile, ubavuni kwake, aliyetaka kusema kitu na hajui aanzie wapi. Alikuwa na CD ile miaka mingi kabla ya kuishusha. Pumzi ilikuwamo siku zote, na masikio yake yaliifuta kila mara, kama yalivyozoea kufuta kelele za waya.

Besi ilianza kutembea. Madimetja aliinuka.

Alipita katikati, mbele ya spika, wimbo ukiwa unalia. Bra Finish alibaki na glasi ya tangawizi hewani. Mzee alitoka kwa mlango wa mbele, akageuka kushoto, akaufuata ukuta.

Alipofika mlango wa jikoni alisimama. Ndani Mosibudi na wenzake walikuwa wakipakua ugali. Tarumbeta ilikuwa imekwisha kuingia huko sebuleni, na piano, alijua wakati wake hasa. Huku hazikufika. Ilifika besi peke yake, hatua moja, hatua nyingine, ikipita kwenye matofali.

"Shemeji," alisema Mosibudi, mwiko mkononi, "unataka nini huku?"

"Sitaki kitu. Nasikiliza."

Mosibudi aliwaashiria wenzake, wakaacha kugonga sufuria.

Wimbo ulikwisha. Sebuleni walipiga makofi, na mtu mwingine akaanza kutafuta CD yake. Madimetja alitazama chini. Mvua ilikuwa imefanya kazi yake, nyasi changa zilikuwa zimeanza kuchomoza katikati ya njia ya mkewe. Alizikanyaga taratibu kwa viatu vyake vya rangi mbili, akienda hadi mlango wa mbele na kurudi hadi wa nyuma, akienda na kurudi, na hakuna aliyemwita.