Migomba Mbele ya Moto

Kila nikikata mgomba, harufu ya utomvu wake hunirudisha kwenye kiangazi kile mlima wetu ulipowaka. Kijiji kilikuwa kimekubaliana kwamba mlimani hakuna kuchunga wala kuchoma nyasi, miche tuliyopanda ikue, chemchemi irudi. Moto ukatokea upande wa pili, ukateremka ukivuma.

Watu waliupiga kwa matawi mabichi hadi yakakauka mikononi mwao. Miche ilikuwa hatua chache tu mbele ya moto. Mama akakimbilia shamba letu la migomba, pale chini ya mlima, akashika panga.

"Mama, huo una mkungu!" nilipiga kelele.

"Shika huku, vuta!"

Alikata migomba yenye mikungu na isiyo nayo. Majirani wakaiburuta, wakailaza mstari mbele ya miche. Moto ulifika pale, ukachemsha maji ya migomba, ukafoka, ukafa.

Jioni baba alirudi kutoka mnadani, akasimama katikati ya visiki.

"Sasa watoto watakula miti?"

Utomvu wa mgomba ukishika nguo hautoki tena. Jumapili mama alikivaa kitenge kilekile alichokatia migomba, chenye madoa, kwenda kanisani, akakaa benchi la mbele.