Meli ilipofunga gati Bukoba nilishuka ili mama mkwe apande

Wakuu, marahaba nawapa mapema kabla hamjaniamkia, maana kwa umri wangu sidhani kama humu kuna wa kunidai shikamoo.

Nimesoma ule uzi wa kijana aliyepanda meli ya kitalii, mnatoleana maneno kabisa: meli ikifika bandarini, ushuke ukatembee au ubaki ndani ule bata? Nimecheka sana. Swali hilo mimi nililijibu enzi za Mwingereza, kwenye ziwa letu hili hili la Victoria.

Sio chai. Shahidi yupo hai, ameketi hapa pembeni anachambua maharage na kunichunga nisitie chumvi.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie.

Mimi ni mtu wa Ijumbi, Muleba. Nilikuwa karani mdogo kule Mwanza. Nikarudi nyumbani kuoa, nikampata binti wa Kagondo, Bukoba, anaitwa Kokugonza. Harusi ya kanisani, Walutheri tulivyo, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ya wazee nyuma ya nyumba mchungaji asione.

Sasa msio Wahaya niwaeleze mambo mawili, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Omugole, yaani bibi harusi, hakanyagi kwao mpaka siku rasmi atakapopelekwa na mumewe na zawadi. Akionekana kabla ya hapo ni aibu kwa wazazi. Watu watasema ameachika.

Halafu, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani, wewe ingia migombani. Na yeye akikuwahi, ataingia yeye.

Haya, twende.

Kabla siku ya kumpeleka kwao haijafika, nikapewa transfer ya Kisumu. Mbali huko! Tukapanda meli Mwanza, third class, deck ya chini pamoja na mizigo na kuku za watu. Njiani meli inapita Bukoba, inafunga gati kutwa nzima kupakia kahawa.

Tangu Mwanza Kokugonza hakuwa anakula. Ukimpa chakula anakishika, anakirudisha. Ukimuuliza, "Hakuna kitu." Wakuu, niliogopa. Niliona nampeleka ugenini mtu atakayeninyaukia mikononi.

Lakini nilikuwa na mpango wangu. Nilimtumia baba mkwe salamu kupitia mtu aliyetangulia, kwamba siku ya meli aje bandarini, apande, amwone binti yake. Baba mkwe hana shida, tungekaa wote watatu tukaongea. Nilijiona nina akili kweli kweli.

Tukafunga gati. Mvua ile ya msimu wa senene, panzi wetu wa kuliwa, inapiga. Kokugonza akashika chuma cha pembeni ya deck, akasema, "Mama!"

Nikageuza uso mbio.

Kumbe baba mkwe alikuwa anaumwa mguu. Mama mwenyewe ndiye aliyekuja, kwa miguu kutoka Kagondo, kikapu kichwani, amesimama getini analowa. Hapandi kwa sababu mimi nimo. Binti yake hashuki kwa sababu ni omugole. Wanatazamana tu.

Kokugonza akaanza kulia kwa sauti, mbele za watu.

Sasa mimi, kusema kweli, nilitaka kubaki ndani. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya harusi, ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Tena niliogopa meli isiniache. Lakini kilio kile kilinishinda.

Nikamwambia, "Nashuka mimi."

"Uende wapi na mvua hii?"

"Popote. Mama apande."

Tatizo ngazi ni moja. Nikamtuma mchukuzi mmoja amwambie mama asogee kando kidogo, halafu nikaomba gunia tupu la kahawa, nikajifunika kichwa hadi kidevuni, nikashuka napapasa. Suti chini, gunia juu! Wachukuzi walicheka mpaka wengine wakatua mizigo. Mmoja akanishika mkono kunivusha.

Mama akapanda.

Mjini sikuthubutu kwenda. Ningejuaje ataondoka saa ngapi, nikutane naye barabarani? Nikasimama chini ya ukingo wa paa la ghala la kahawa, pale karibu na geti, ukingo mwembamba, upepo wa ziwa unaleta mvua yote kwangu. Nikalowa mpaka soksi. Njaa nayo usiseme. Ila nilikuwa na furaha ya ajabu, sijui hata niieleze vipi.

Honi ikalia. Mama hajashuka.

Ikalia tena. Nikasema leo meli inamchukua mama mkwe na kuniacha mimi!

Ndipo nikasikia hatua za mtu. Nikageukia ukuta wa ghala, pua inagusa kabisa. Hatua zikasimama nyuma yangu. Hakusema na mimi, alisema na mlinzi wa geti, kwa heshima ya Kihaya:

"Waitu, mwambie yule anayetazama ukuta kwamba meli inamwita."

Mlinzi, kicheko kimembana: "Mama anasema meli inakuita."

"Mwambie mama nimesikia. Mwambie binti yake nitamtunza."

Halafu nikasikia, "Mwambie nimeshaona."

Akaenda zake. Nililia nikiwa nimeukabili ukuta vile vile, halafu nikakimbia, ngazi wanataka kuivuta.

Nikamkuta Kokugonza anakula. Ndizi za mama, kwa mkono, shavu limejaa. Akanisogezea kifurushi cha jani la mgomba, ndani senene za kukaanga. "Mama kasema hizi ni za aliyelowa." Akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu nimuoe.

Basi juzi nilipomsomea ule uzi wenu, nikamuuliza kwa utani: je, siku ile kama ningebaki melini?

Hakuinua hata kichwa. "Ningeshuka. Na nisingepanda tena. Aibu tungeibeba mimi na mama."

Miaka yote hii, wakuu! Watoto, wajukuu, nyumba hii ya Kamachumu tuliyojenga tulipostaafu, na mimi sikujua. Tangu juzi namtazama tu.

Kwa hiyo kwenye ubishi wenu wa kushuka na kubaki mimi sina upande. Nasema tu, kabla hujaamua, mtazame kwanza uliyepanda naye, uone jicho lake limeelekea wapi.

Wenye visa vyenu vya bandarini vimwageni hapa chini, nitamsomea vyote. Vya kunicheka na gunia langu navyo leteni, ameshaanza yeye.