Salamu za Mbali, Sokoni Otonglo

Chekeni tu, mimi mwenyewe sasa nacheka. Miaka ile ya themanini, kila mpenzi wa redio Kisumu alishabikia mawimbi mafupi. Mimi peke yangu niliyapigia debe mawimbi marefu. Basi siku ya soko nikaenda kuyatangaza Otonglo. Nikatandaza waya wangu mrefu wa kunasa mawimbi nyuma ya maduka, nikawaita watu.

Redio ikakoroma tu. Watu wakaanza kuondoka. Mara ikalia: tit... taaa... tit-tit... taaa!

"Huyo ni mtu wa mbali, anaongea kwa milio!" nikapaza sauti.

Chifu wa eneo, aliyekuwa kati ya watu, akavua kofia. "Bwana, anasema nini?"

Sikuelewa hata herufi moja. "Anawasalimu watu wote wa Otonglo," nikajibu. Wakapiga makofi, nami nikanogewa: mara anaulizia samaki, mara anampa pole mama aliyefiwa.

"Muulize kama kwao mvua imenyesha," chifu akasema.

Nikagongagonga kwa madaha kitufe changu cha kutuma milio. Redio haikulia tena. Badala ya jibu akaja Ochieng, fundi wa kuchomelea mageti nyuma ya maduka, miwani myeusi kwenye paji la uso.

"Nimesikia kuna mgeni kwa redio," akasema. "Nimezima mashine nije nisalimiwe pia."

Wote wakatazama waya wangu, uliopita moja kwa moja juu ya mashine yake ya cheche.

Mama Atieno, muuza dagaa wa omena, akamgusa fundi begani. "Ochieng, rudi uwashe haraka. Chifu ameuliza swali, na hajajibiwa."