Program yangu ya kusoma namba ilivyonitoa jasho ukweni

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa wote humu shikamooni.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi. Chumvi ilishakuwepo ya kutosha.

Mimi nauza asali hapa Itigi, karibu na stesheni. Wateja wakipungua najifunza kuandika program kwa Python kwenye laptop ya mtumba. Betri ilishakufa, ukigusa waya tu inazima.

Zoezi langu la kwanza la maana lilikuwa program ya kugeuza namba kuwa maneno. Unaandika 47, inajibu "arobaini na saba".

Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Ukiandika 20 inasema "ishirini na sifuri". Nikahangaika nayo mpaka ikatulia. Ilipofika kwenye maelfu nikajiona injinia kamili.

Sasa, nina mchumba, Neema. Kwao ni Iramba, upande wa Sekenke. Kwa furaha zake akawaambia wazazi kwamba mimi ni programmer.

Hakusema "anajifunza". Programmer!

Siku ya kujitambulisha nikaenda na baba mdogo. Neema alisema nibebe na laptop, baba yake anataka kuiona kazi yangu. Kuja kushtuka tuko mlangoni ndio ananiambia baba yake ni mwalimu mstaafu wa hesabu.

Shikamoo zikapita, maji tukanywa. Mzee akavuta kiti hadi mezani.

"Kijana, nasikia unaandika program. Hebu tuione."

Nikawasha. Mzee akaandika 316. Sawa. Akaandika 4,802. Sawa. Mashangazi wa Neema wanapiga vigelegele kila jibu likitoka. Baba mdogo akakunja nne kabisa.

Mzee akaandika 205,000.

"Elfu mia mbili na tano."

Akafuta, akaandika 200,005.

"Elfu mia mbili na tano."

Vigelegele vikakatika.

"Kijana, namba mbili tofauti, maneno yale yale. Mtu akinisomea hivi nitajuaje ni ipi?"

Aisee! Baba mdogo akashusha mguu taratibu.

(Jaribuni wenyewe kuzitamka kwa sauti, mtaona nilivyonaswa.)

Nilitaka kusingizia virusi. Lakini yule mzee ananiangalia usoni, ulimi ukagoma.

"Mwalimu, hapo sijui. Sikuwahi kuliona hilo. Naomba unipe nafasi nilitafute."

"Litafute. Mimi nina maongezi na baba yako mdogo."

Wakatoka nje. Wakuu, nilijua naenda kukataliwa kwa sababu ya namba tano. Nachapa herufi zisizokuwepo.

Neema akaja kukaa pembeni yangu. Akazisoma zile namba kimoyomoyo, halafu akaninong'oneza, "Mbona unang'ang'ania elfu? Weka laki."

Laki! Program yangu ilikuwa haijui laki kabisa. Nikaongeza hatua ya laki kabla ya elfu, nikajaribu.

205,000: "laki mbili na elfu tano".

200,005: "laki mbili na tano".

Neema alipiga kelele mpaka mzee akarudi ndani na kiatu kimoja.

Akazijaribu zote mbili mwenyewe. Akacheka sana.

"Nimefundisha watoto wengi. Wakikosea walikuwa wanafunika daftari nisione. Wewe umesema hujui mbele ya mashangazi wote hawa. Mtu wa hivyo atakaa na binti yangu vizuri."

Baba mdogo akajibu kwa niaba yangu, tena kwa kirefu.

Mama mkwe naye akasogea. "Kinyiramba inajua?"

Haijui. Basi wakaanza kunitajia namba ili niiingize, mama na shangazi mkubwa wakabishana matamshi, kila mmoja anasema mwenzake kasahau kwao. Mimi Mnyaturu naandika tu ninachosikia. Ugali na kuku vikapoa mezani, hakuna aliyejali.

Posa imepokelewa wakuu. Harusi baada ya mavuno.

Nilichojifunza: program yako mpe mtu mwingine aichokonoe, wewe utajaribu zile namba unazozipenda tu. Na ukikwama, sema umekwama. Msaada unakuja haraka kuliko unavyofikiri.

Karibuni kwa maoni na maswali, wanaojifunza code pia tusaidiane. Halafu niambieni, kwenu 205,000 mnaisomaje?

Ila andikeni kwa adabu. Baba mkwe nimemtumia link, na anasoma kila comment.