Kitako cha Kitunga

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule ya msingi ya Muheto, Masisi, nilisahihisha madaftari ya uchoraji ya darasa zima kabla chai yangu haijapoa. Zoezi lilikuwa sufuria juu ya meza. Kando ya kila mchoro niliandika neno moja kwa wino mwekundu: vizuri, au vibaya. Direkta wa shule, mtu mfupi asiyevua koti hata jua linapowaka, aliyafungua matatu, kisha akayafunga.

“Mwalimu, huyu mutoto umemuandikia ‘vibaya’. Sasa kesho atafanya nini?”

“Atachora vizuri zaidi, Direkta.”

“Kwa kukuogopa? Labda kama zoezi ilikuwa ya kuchora sura yako. Weka kidole, Mwalimu. Muonyeshe ni wapi njo kosa iko.”

“Na waliofanya vizuri?”

“Na wao. Mwenye kufanya vizuri bila kujua ni wapi, kesho ataharibu pale pale.”

Niliyarudia madaftari yote. Tangu hapo sikuandika tena vizuri wala vibaya; niliandika “Hapa”, nikachora mshale, nikaeleza kwa sentensi moja. Kosa la anayeanza kuchora sufuria ni lile lile karibu kila mara. Mdomo wake huuchora mviringo kamili, kana kwamba anachungulia kutoka darini, na kitako hukichora kwa mstari ulionyooka, kwa sababu anajua kuwa meza ni bapa. Amechora anachokijua, wala si anachokiona. Ukitazama sufuria kutoka ubavuni, mdomo ni mviringo uliobanwa, tunaouita duaradufu, na kitako nacho hupinda vivyo hivyo. Kwa hiyo kila mwanafunzi nilimwuliza swali moja, hata wakawa wananiigiza uwanjani kwa sauti nzito: “Uliona ao ulisikia?”, yaani uliona mwenyewe au uliambiwa tu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Walikale, katika shule ya sekondari inayoandaa walimu. Prefe wa masomo, yaani msimamizi wa mafundisho yote, alinieleza kwamba pale uchoraji haukuwa pambo. Mwalimu wa kijijini hana picha za kubandika ukutani. Anachotaka kukionyesha atakichora ubaoni kwa chaki. Aliyeshindwa uchoraji hakupanda darasa.

Solange, binti wa wakulima wa msituni, alikuwa tayari amerudia mwaka mmoja. Kurudia mara ya pili hakukuruhusiwa. Angerudishwa nyumbani, na ualimu ungeishia hapo. Masomo mengine alikuwa ameyapita. Lilibaki zoezi la mwisho la uchoraji: chombo cha nyumbani, kichorwe huko huko kwa kukitazama.

Alichora kitunga cha mama yake, kile cha kubebea mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Duaradufu ya mdomo ilikuwa safi. Lakini kitako alikichora kwa mistari miwili iliyokutana kwenye kona. Niliandika: “Hapa. Mdomo wa mviringo hauwezi kuwa na kitako chenye kona.” Nikampa pointi nne kati ya kumi, zisizotosha kupita. Alisoma, akalifunga daftari, akaondoka.

Kesho yake aliingia darasani na sare yake, kitunga mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Vijana wa nyuma walifurahi.

“Mama Solange, leo umetuletea sombe ya kupika?”

“Nimeleta ya Mwalimu tu,” alijibu, akakiweka juu ya meza yangu na kukigeuza.

Kitako kilikuwa cha mraba, chenye kona nne. Kutoka hapo ufumaji ulipanda ukijizungusha polepole, hata ukafika mdomoni ukiwa duara. Vitunga nilivyokuwa nimevishika Masisi vilikuwa na vitako vya mviringo, nami nilidhani nimeviona vyote.

“Mwalimu,” alisema kwa sauti ya chini, “kitunga ya kwetu weye uliiona, ao uliisikia?”

Niliomba daftari. Sentensi yangu niliikata kwa mstari mmoja, ili iendelee kusomeka, na chini yake nikaandika: “Hapa mwalimu amekosea. Kona ipo.” Kisha niliutazama mchoro upya, kitunga kikiwa mbele yangu, nikaliona kosa lililokuwapo kweli.

“Hapa,” nilisema. “Mkanda huu umening’inia hewani. Umeshikwa wapi?”

Alikitazama kitunga, akautazama mchoro. “Inapita huku chini, inazunguka kitako. Mukanda niliichora bila kuangalia, Mwalimu.”

Nilimpa saba.

Mchana Prefe aliniita. “Wanasema mutoto alikugombeza mbele ya wenzake mpaka ukabadilisha pointi.”

“Waliosema walikuwapo, Prefe?”

Nilimwekea daftari na kitunga. Alikigeuza, akapitisha kidole kwenye kona, akasoma maneno yaliyokatwa na yale ya chini yake. “Sawa,” alisema. “Lakini usikate-kate daftari kila siku.”

“Nitakata kila nitakapokosea.”

Alisaini orodha ya waliopanda darasa, na jina la Solange likiwamo.

Sasa nimestaafu, ninaishi Bweremana. Bado ninachora. Solange ni mwalimu Walikale, na uchoraji anaufundisha yeye. Mwezi uliopita nilichora kile kitunga kwa kumbukumbu, nikampelekea picha kwa simu. Nilitazamia shukrani. Picha ilirudi ikiwa na alama nyekundu kwenye mkanda.

“Hapa, Papa Mwalimu. Mukanda umeifunga pembeni. Inapita chini ya kitako, mi njo nilikuonyesha. Uliona ao ulikumbuka tu?”

Nilimwomba mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda Walikale aniletee kitunga chenyewe. Kimefika jana. Nimekiweka juu ya meza, mbele ya macho yangu, nimechonga penseli, na nimeanza na kitako.