Nyeupe ya Kanombe, Nyeusi ya Mlimani

Kwetu Nyamirambo biashara ina kanuni moja: usisifu unachokitaka. Ukipenda kitenge chekundu, shika cha kijani, kisugue kwa vidole, ulize bei yake. Nimeuza vitenge miaka mingi. Kanuni hiyo imenishinda mara kadhaa, nami nimewashinda nayo wengi zaidi.

Mwaka ule vita vilikuwa kaskazini, na wageni wengi wa mjini walikuwa wanafunga mizigo. Magari yao waliyaacha kwa madalali, ambao sisi tunawaita makomisiyoneri. Mimi nilikuwa mjane mwenye duka, na duka lilikuwa limenipa fedha ya gari. Ndugu wa marehemu wakakaa kikao bila mimi, wakaamua ninunue minibasi na shemeji yangu aisimamie. Nikawajibu kwamba nataka gari ndogo ya milango minne, viti vya ngozi, injini ya kukimbia. Shemeji akauliza muuza vitenge anakimbilia wapi. Nikamwambia nikifika nitatuma mtu amjulishe.

Lakini siku zile mwanamke hakuwa akienda kununua gari bila shahidi mwanamume, na shahidi akawa shemeji huyo huyo: mkulima wa Masaka, mtu mwema, asemaye anachokitaka mbele ya anayekiuza.

Komisiyoneri alikuwa nazo mbili karibu na msikiti, nyeupe na nyeusi, zote za Ulaya, zote za kitajiri. Alimsalimia shemeji. Mimi nilipouliza swali, alimjibu shemeji. Nikawaacha. Mtu asiyekutazama hajui unatazama nini.

Kabla ya kuziwasha nilihesabu matairi. Nyeupe, manne chini na la akiba kwenye buti, lenye doa la rangi ya bluu. Nyeusi nikaambiwa buti lake funguo imepotea kidogo, itapatikana.

Tukaijaribu nyeupe kwenye barabara ya Kanombe, lami ndefu iliyonyooka. Ilikwenda kimya hata nikamsikia shemeji akimeza mate. Alitoa mkono dirishani kama waziri. Tulipogeuka kurudi na kuanza kupanda mlima wa kwetu, ikaanza kutafuta gea kama mtu anayetafuta viatu vyake kwenye mlango wa msikiti siku ya Ijumaa. Shemeji hakusikia. Alikuwa anawapungia watu.

Kisha nyeusi. Kiti cha dereva kimechanika, injini inanguruma, kila shimo linafika uti wa mgongo. Nikaipeleka mlimani moja kwa moja, nikakanyaga. Ilipanda kama imetukanwa. Hapo nikajua kwamba sitashuka humo ila kwa lazima.

Nikashuka nimekunja uso. Nikasema ina kelele, nikarudi kuipapasa nyeupe. Na kwa kuwa nahesabu kila kitu mara mbili, nikafungua tena mabuti. La nyeupe, tupu. La nyeusi, ambalo funguo yake ilikuwa imepatikana, lilikuwa na tairi lenye doa la bluu. Tairi moja lilikuwa linahudumia magari mawili. Nikafunga mabuti, habari hiyo nikaiweka akiba.

Nikabishania bei ya nyeupe kwa sauti, na mafundi cherehani wa barazani wakaacha kushona ili wasikilize. Nilipokataa mara ya mwisho, komisiyoneri akataja bei ya nyeupe, kisha kwa kunidharau akataja na ya nyeusi, chini sana, akisema kama sina uwezo nichukue ile ya kelele. Ndiyo bei niliyokuwa naisubiri. Nikafungua mdomo.

Shemeji akaniwahi. Aliniamini. Akashika mkono wa komisiyoneri, akasema nyeupe tumeichukua, akainua viganja akasoma Fatiha. Na kwetu Fatiha ikisomwa juu ya bei, biashara imefungwa. Mafundi wote wakapangusa nyuso, wakasema amina.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Si umeipenda nyeupe?"

Komisiyoneri akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Mama, Fatiha hairudi."

"Hairudi," nikasema. "Aliyeisoma ndiye amenunua. Basi alipe."

Barazani wakacheka. Shemeji akapapasa mfuko wa shati, wa suruali, akarudia wa shati. Komisiyoneri alipoona hakuna kitu, akaruka nyuma kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Nikamwambia naichukua ile ya kelele kwa bei aliyoitaja. Akasema bei ile alikuwa anatania.

"Mafundi wameisikia. Niwaambie pia tairi la nyeupe limehamaje?"

Akawatazama mafundi. Kisha akanyoosha mkono, na safari hii akaunyoosha kwangu. Niliinua viganja nikasoma mwenyewe, polepole, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Amina ya kwanza ilitoka kwa fundi mzee kuliko wote.

Nililipa, nikaingia, nikawasha. Shemeji alisimama kando, hajui kama amekaribishwa. Nikamfungulia mlango wa nyuma.

"Panda, shemeji. Ukiona minibasi njiani, niambie nikushushe ukaisimamie."

Akapanda. Mlima ulikuwa mbele yetu, nikakanyaga.