Kikundi kilikosa hela ya kumpasua Mama Kalunde, kikapata ya pilau la msiba

Wakuu, salaam.

Nimesoma mabishano yenu ya bima ya afya kwa wote nikashindwa kunyamaza. Haya niliyaona kwa macho yangu, anayetaka kuita chai, kwamba natunga, aite.

Mimi Mzaramo wa Kisarawe, form four, miguu haitulii. Kwenda Tabora nilitokea Songea. Dodoma nililala stendi. Igunga basi likafa, tukashinda kando ya majaruba ya mpunga. Nzega nikadandia lori la pamba. Nilifika na vumbi mpaka kwenye kope.

Nikapanga mtaa wa Isevya, Tabora mjini, kwa Mama Kalunde, mjane Mmoravian, muuza mchele. Kusikia kabila langu akaangua kicheko:

"Mtani! Babu zetu walikuja kwenu kwa miguu na pembe za ndovu begani, wewe umekalia siti unalia mgongo?"

Kwa wasiojua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana bila kununiana, na msibani mtani anaruhusiwa vituko.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko popote maishani. Nilikuwa nachuuza asali ya vijiji vya Uyui, jioni nakula kwake. Nimezunguka sana wakuu, ila ule wali siusahau.

Siku moja tumbo likamshika. Hospitali (siitaji) daktari akasema utumbo umejisokota, apasuliwe haraka.

Dirishani wakasema lipieni kwanza. Bima hana. Mchele mwaka ule haukutoka.

Nikakimbia kwa mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana. Mama Kalunde alichangia humo tangu anaolewa.

"Shikamoo mzee. Mama Kalunde anatakiwa upasuaji, tunaomba mfuko umsaidie."

"Marahaba. Pole sana. Ila katiba yetu inasema msiba."

"Kwa hiyo tusubiri afe?"

"Acha hizo, mtani. Hela za watu hizi."

Nikauza asali yote kwa bei ya kutupa. Majirani wakachanga. Hela ilipotimia, utumbo ulikuwa umeshaoza. Hakutoka theatre mzima.

Sasa oneni maajabu.

Kabla ya adhuhuri kikundi kilishaleta turubai, viti, masufuria, mchele, ng'ombe mzima na lori la makaburini! Hakuna aliyeambiwa asubiri dirishani.

Jeneza linatoka, nikalala mlangoni.

"Haendi mtu! Nirudishieni hela ya operesheni, huyu hakuwa wa kuzikwa!"

Watu wakacheka mpaka machozi. "Mzaramo huyu ni mtani kweli kweli!" Mwenyekiti mwenyewe akanirushia noti kifuani ili niwapishe.

Wakuu, sikuwa natania.

Mnaosema Watanzania hatuwezi kuchangia mfuko mmoja ukamlipia kila mtu, mnadanganya. Kila mtaa tunafanya hivyo! Mfiwa haulizwi kachangia kiasi gani wala kafiwa mara ngapi. Tunachokataa ni kumlipia mtu akiwa bado anapumua. Serikali ikusanye kwa wote, mwenye nacho atoe zaidi, mgonjwa akifika atibiwe. Gharama kubwa? Na ng'ombe yule alikuwa wa bure?

Tulipoanua tanga nikafunga begi. Stendi nikakutana na mwenyekiti, akanishika mkono kwa upendo kabisa:

"Mtani, unatukimbia? Rudi ujiunge na kikundi. Ukifa tutakuzika vizuri."

Nikapanda gari, sijarudi Tabora tena. Nyie mnaopinga bima ya wote, hebu nisaidieni, mzee wa watu yule ningemwambia nini?